Kuifuata Roadmaster Utrecht

Kutoka Rotterdam hadi Utrecht kwa treni ni kama dakika arobaini tu. Unapita Gouda, unapita Woerden, na katikati yake ni malisho tambarare yaliyokatwakatwa na mitaro ya maji. Mpwa wangu aliyenikaribisha Rotterdam alininunulia kadi ya usafiri, akanionyesha pa kuigusisha, kisha akaniuliza tena: "Mjomba, kweli unakwenda kutafuta sahani moja tu ya santuri?"

Moja tu. Roadmaster, albamu ya mwimbaji wa Marekani Gene Clark.

Niliisikia katikati ya miaka ya 1970 nikiwa shule ya upili upande wa Mumias, ambako mapadri wa shirika la kimisionari la Mill Hill, wengi wao Waholanzi, walikuwa wamezoeleka kwa miaka mingi. Mmoja alitufundisha hesabu, na Jumamosi jioni alitoa gramafoni yake barazani. Muziki wa kantri haukuwa mgeni kwetu, maana Jim Reeves alikuwa haishi redioni. Lakini huu ulikuwa na ngoma za roki chini yake, fidla juu, na lile gitaa la pedali linalovuta sauti kama mtu anayelia huku akijizuia. Padri alipohamishwa alikwenda na santuri zake. Sikuiona tena dukani, si Kisumu, si Nairobi.

Sababu niliijua utu uzimani. Clark, mzaliwa wa Tipton, Missouri, alikuwa mmoja wa waanzilishi wa bendi ya The Byrds, akajitoa 1966, na hofu ya kupanda ndege ilichangia. Mwaka 1972 aliingia studio na mafundi hasa: Clarence White kwenye gitaa, Byron Berline kwenye fidla, Sneaky Pete Kleinow kwenye gitaa la pedali. Gharama zikapanda, kampuni ya A&M ikasimamisha kazi. Nyimbo nane zilizokuwapo zikaunganishwa na tatu za nyuma, zikatolewa 1973 huko Uholanzi peke yake. Kwa hiyo sisi wavulana wa Mumias tulikuwa tukisikiliza bure kitu ambacho shabiki wa Los Angeles alilazimika kukiagiza ng'ambo. Hilo linanifurahisha kuliko inavyostahili.

Jaarbeurs, ukumbi wa maonyesho, uko ubavuni mwa stesheni ya Utrecht. Ilikuwa Novemba 2016, siku za lile soko kubwa la santuri. Meza kwa mamia, na wazee wa rika langu wakiburura vijitoroli, macho chini, vidole vikipekua. Nilipotelea kidogo kwenye masanduku ya Afrika. Humo niliona santuri ndogo za Nairobi zenye bei ambazo sidhani kama waliozipiga waliwahi kulipwa.

Kwenye kantri, muuzaji wa kwanza alinipa toleo la kampuni ya Edsel, ya Uingereza, lililotoka miaka ya 1980. Safi, bei nafuu, lakini si lile. Wa tatu au wa nne, mzee mwenye miwani iliyofungwa kamba, aliniangalia kwanza, akainama chini ya meza. Hakuwa ameiweka juu. Aliponiuliza nimeijulia wapi, nikamwambia habari za padri, alicheka na kuniwekea kwenye gramafoni yake ya majaribio.

Nilimwomba upande wa pili. Kuna wimbo pale, She Don't Care About Time, ambao The Byrds waliutoa 1965 ukienda mbio kwa gitaa za kung'aa. Hapa Clark ameupunguza mwendo mpaka maneno yakapata nafasi ya kuuma. Kwa maoni yangu hili ndilo toleo lenyewe, na sijali nani atabisha. Sindano iliruka mahali pamoja, nikapata hoja. Yeye alitaka yuro tisini, mimi nikataja hamsini, tukakutana sabini na kahawa juu yake, ambayo aliimimina kutoka kwenye chupa yake mwenyewe.

Mpwa wangu aliiona bei, akafungua simu, akanipigia albamu nzima bila senti. Nikamwachia icheze, tukala.

Kwenye ndege niliipakata hadi Nairobi. Gramafoni ninayo, ya marehemu kaka, ila sindano yake imekwisha, na mafundi wa Luthuli Avenue kila wiki wananiambia nirudi Ijumaa.