Viazi vya Poznań

Dada alinipokea stesheni ya Poznań jioni ya tarehe 10 Novemba, mkesha wa Sikukuu ya Uhuru ya Poland. Nilikuwa natoka Berlin kwa treni, safari isiyofika saa tatu, na njia nzima niliwaza nitakula nini, maana kila aliyewahi kunisimulia vyakula vya huko alinisimulia soseji za nguruwe.

"Utashiba mpaka ukatae," akaniambia. "Nyama tu ndiyo tutaiacha."

Hatukupitia hata nyumbani. Alinipeleka bar mleczny, mikahawa ya bei nafuu wanakokula wanafunzi na wazee wa mtaa. Unaagiza na kulipa kwanza, unapeleka risiti dirishani jikoni, unasubiri kuitwa, na ukimaliza unarudisha vyombo mwenyewe. Aliniagizia pyry z gzikiem, chakula cha watu wa Poznań hasa: viazi vilivyochemshwa na maganda yake, na pembeni gzik, yaani jibini laini nyeupe iliyopondwa na krimu, kitunguu na majani ya kitunguu. Kiazi kilikuwa bado kinatoa moshi. Nilikipasua kwa uma, nikaweka jibini ile ya baridi juu yake, ikaanza kulegea na kutiririka pembeni. Chumvi kidogo, basi. Sijala kiazi kitamu kama kile, na nimekulia Lushoto, kwenye viazi.

Dada alichukua pierogi ruskie, vifuko vya unga vya kuchemsha, zilizojazwa viazi, jibini na kitunguu. Alipoagiza alisisitiza, "Bez skwarek," kwa sababu mara nyingi humwagiwa juu vipande vya mafuta ya nguruwe vilivyokaangwa. Zikaja na siagi. Supu ya żurek, ile chachu, aliniambia niiache kabisa kwa kuwa huwekwa soseji. Mwislamu anayekwenda huko ashike hayo mawili, mengine atauliza.

Kesho yake asubuhi tulienda mtaa wa Święty Marcin. Siku ya uhuru ndiyo pia siku ya Mtakatifu Martin, ambaye mtaa umepewa jina lake, na mji mzima hula rogal: andazi kubwa lililopindwa kama mwezi mchanga. Dada alinizuia nisinunue duka la kwanza. Kwanza tazama cheti dirishani, alisema, kwani tangu 2008 jina la rogal hilo linalindwa na Umoja wa Ulaya, na si kila mwokaji anaruhusiwa kulitumia. Huuzwa kwa uzito. Nje kuna sukari iliyoganda na njugu zilizokatwakatwa. Ndani, mbegu nyeupe za mpopi zilizosagwa pamoja na zabibu kavu, maganda ya chungwa na harufu ya lozi. Ni zito. Moja lilitutosha wawili, tukilila tumesimama kwenye baridi huku mtu aliyeigiza kuwa Martin, kavaa kama askari wa Kirumi, akipita juu ya farasi mweupe na watoto wakimkimbilia.

Mikahawa ya uwanja wa soko la zamani ilitoa harufu ya bata wa kuchoma. Wenyeji wanamsifu sana, lakini uchinjaji hatukuujua, tukapita.

"Jioni tunakula nini, dada?"

"Unataka nini?"

Nikamwambia viazi. Jibini alikuwa ameshainunua tangu jana, akijua maduka makubwa yatafungwa.