Nilivyowahamisha popo darini, na pilipili haikuhusika

Tabora mwezi wa kumi salamu haiishi haraka. Ukishaitikia mwangaluka, utaambiwa "jua la mwaka huu hili, mh!" Ukikubali tu kwamba ni kali, mtu anavuta kigoda na kukusimulia mnyama aliyemwingilia nyumbani. Chini ya mwembe ninapotengenezea baiskeli hapa Isevya nimesikia habari za koboko aliyejilaza nyuma ya mtungi kutafuta ubaridi, na za kenge aliyekula mayai tisa ya kuku akaacha moja kama chenji. Miaka yote mimi nilikuwa msikilizaji. Mwaka jana nikapata wa kwangu wa kusimulia.

Wageni wanadhani joto letu ni kama la Dar. Dar unalowa, huku unakaushwa kama samaki. Mji uko juu, kama mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo usiku angalau unapumua. Ila mchana wa Oktoba, mvua za Novemba zikiwa bado, nyuzi 32 au 33 ni kawaida, tena kivulini. Chini ya bati sijui mtu aliyewahi kupima. Mimi nilipima kwa kichwa changu, nitafika huko.

Ilianza kwa harufu, kama mkojo uliokaa kwenye gunia. Mke wangu akasema panya. Nikatega mtego wiki nzima, dagaa niliyemweka akakauka pale pale bila kuguswa. Kilichonifumbua macho ni vinyesi vilivyokuwa vinadondoka barazani. Kwa umbo ni vya panya kabisa, lakini nilipovibonyeza kwa kijiti vikamomonyoka vikawa unga unaometameta, kama mtu kasaga mbawa za mende. Cha panya ni kigumu, hakiwi unga namna ile. Hapo nikatazama juu. Kwenye siling bodi kulikuwa na doa la kahawia lenye umbo la ramani ya nchi nisiyoijua, na kila ikifika saa nane mchana, bati likichemka, darini kulikuwa na kelele za ugomvi. Popo wadogo wa mabatini wanavumilia joto ambalo wewe ungezimia, lakini hata wao wana kikomo. Jua likizidi wanashuka kutoka kwenye bati, wanajibanza ukutani, wanasukumana.

Ushauri nilipewa mwingi kuliko popo wenyewe. Muuza duka mmoja akaniuzia vidonge vya nondo, kama elfu sita na kitu vyote. Nikavitupa darini. Nyumba ikanuka kabati la bibi, popo wakaendelea na maisha. Mwingine akasema wanaogopa mwanga, niwashe balbu usiku kucha. Niliwasha siku nne. Umeme ukaisha, na nadhani niliwafanyia karamu, maana balbu ilikusanya wadudu na wao wadudu ndio chakula chao. Nilikuwa nawapelekea mezani.

Halafu jirani yangu, mtu wa sauti kubwa na uhakika mkubwa, akaniambia: "Fundi, choma pilipili. Moshi wa pilipili hata nyoka anahama kata."

Naomba nilieleze hili vizuri kwa sababu watu wanalisimulia vibaya. Nilichukua kopo la rangi la lita nne, nikalitoboa matundu kwa msumari, nikaweka makaa, na juu yake pilipili kichaa kavu, viganja viwili. Kiganja kimoja kingetosha kuua harusi. Saa kumi jioni, kwa sababu nilitaka kuwakuta wote wamelala, nikapanda ngazi na kuingiza kichwa kwenye mlango wa dari. Jasho halikutoka, lilikauka kabla ya kutoka. Niliposhika kenchi kwa mkono, nikaiachia haraka. Nikasukuma kopo ndani, nikateremka nikijisifu.

Moshi haukupanda. Sikujua kwamba hewa ya kule juu ikishachemka hivyo, moshi wangu wa makaa haukuwa na pa kwenda isipokuwa kurudi tulikotoka. Ukashuka kwa ule ule mlango niliousahau wazi. Dakika mbili nyumba nzima ilikuwa inakohoa. Na nyuma ya moshi wakashuka popo, mchana kweupe, sebuleni.

Sasa sebuleni alikuwepo mama mkwe. Alikuwa amekuja kutoka Urambo kututembelea siku tatu, yuko kwenye kochi na uji wake. Popo mmoja akazunguka, akazunguka, akatua kwenye kilemba chake. Mimi nimesimama na fagio. Mkwe hamgusi mkwewe, hilo kila mtu analijua, na kumpiga na fagio kichwani ndiyo kabisa. Nikabaki nimenyanyua fagio juu kama askari kwenye sanamu, huku machozi ya pilipili yananitoka, nasema "mama samahani, mama usitikisike, mama samahani." Yeye akaweka kikombe chini taratibu, akafungua kilemba, akakikung'uta nje ya dirisha, akakifunga tena. Hakusema neno mpaka jioni. Jioni akasema: "Huku kwenu joto limewaingia watu kichwani."

Majirani walikuwa wameshafika na ndoo za maji wakidhani nyumba inaungua. Popo wote walikuwa wamerudi kabla ya kumi na mbili.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja mstaafu ambaye sote tunamwita Bwana Nyuki, maana ndiyo ilikuwa kazi yake, kuwafundisha watu wa vijijini kuweka mizinga. Alileta baiskeli kuunganishiwa mnyororo, akasikia watu wakinicheka, akaniuliza kwa upole kabisa: "Ulikuwa unarina asali?" Nikamwambia la, popo. Akasema moshi ni wa nyuki. Nyuki akiona moshi anashiba asali na kutulia. Popo umchokoze kwa nini, wakati kila jioni anatoka mwenyewe? Kazi yako ni kumzuia asirudi. Akaongeza jambo moja kwa msisitizo: nifanye sasa, mvua hazijaja. Mvua zikianza na wadudu kuwa wengi wanazaa, na ukiziba wakati huo mama anabaki nje, kitoto kinafia ndani, halafu utaijua harufu.

Jioni ile nikakaa uani na kijana wangu wa darasa la tano, tumetazama paa. Saa kumi na mbili na nusu imepita, anga bado jekundu, wakaanza kuchomoka mmoja mmoja kwenye pembe ya nyumba, hapo kofia ya bati inapokutana na fisha bodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa. Wanadondoka kidogo kama jiwe, ndipo wanashika hewa. Kijana aliweka punje moja ya mahindi kwa kila popo kumi. Tulipomaliza kulikuwa na punje kumi na nne. Mke wangu alizitazama zile punje, akaenda kulala bila kula.

Tundu lenyewe halikuzidi upana wa dole gumba. Na hapa ndipo nilipojiona nina akili, mniache nijisifu. Mafundi wa bati waliniambia niweke saruji chini ya migongo ya bati pande zote. Saruji kwenye bati haikai, bati linatanuka mchana na kunywea usiku, ukingoja mwezi inapasuka na nyufa zinarudi. Mimi nina nini dukani kwangu? Tyubu. Tyubu mbovu za baiskeli, gunia zima, nilikuwa nimeshindwa hata kuzitupa. Nikazikata vipande, nikazikunja kama sigara nene, nikazisokomeza kwenye kila mgongo wa bati kuzunguka nyumba. Mpira unatanuka na bati, unanywea na bati. Siku mbili, asubuhi tu, kabla ya saa tatu. Baada ya saa tatu paani hakupandiki. Pembe ile moja wanayotokea sikuigusa.

Pale nikatundika kipande cha chandarua kilichochakaa. Juu na pembeni nikakigongea kwa vipande vya mbao, chini nikakiacha kinaning'inia wazi, kama nusu mita kupita tundu. Kiwe chenye vitundu vidogo, wavu wa samaki utawanasa na utakuwa na kazi nyingine. Popo akitoka anatambaa ukutani chini ya chandarua mpaka anafika nje, anaruka. Akirudi, analifuata moja kwa moja tundu alilolizoea, anagonga chandarua. Hajui kwamba angeingilia chini.

Usiku wa kwanza sikulala, niliweka mkeka uani. Kuanzia saa kumi alfajiri wakaanza kurudi. Wanakuja, wanagusa, wanapinduka, wanazunguka mwembe, wanakuja tena. Wengine walining'inia juu ya chandarua wakitazama ndani. Kulipokucha wakatawanyika, wengi kuelekea upande wa reli. Nilijisikia mwenye nyumba mbaya, nisiseme uongo. Lakini nilikumbuka kilemba.

Nilikiacha siku saba kwa sababu kuna wavivu wasiotoka kila usiku. Siku ya nane sikuona hata mmoja, nikaziba kwa tyubu. Usafi wa dari fanya umefunga pua na mdomo, umevaa glavu, na ule uchafu uunyunyizie maji kwanza, vumbi lake si la kuvuta. Popo aliyeanguka usimwokote kwa mkono mtupu, anaweza kubeba virusi vya jamii ya kichaa cha mbwa. Akikuuma, osha kwa sabuni na maji mengi halafu uende hospitali siku hiyo hiyo, usingoje kuona. Uchafu nilijaza viroba vitatu, vikaenda kwenye mchicha wa mke wangu, na mchicha ule ndio jambo pekee ambalo jirani yangu ananisifia. Gharama? Ukiacha vidonge vya nondo na umeme, misumari na siling bodi moja mpya. Pengine elfu ishirini na tano, thelathini.

Mama mkwe akipiga simu siku hizi anaanza na jua. "Huko bado linawaka?" Namwambia linawaka, mama. Kisha anawaulizia wageni wake, wale popo. Mwishoni mwa Novemba alipiga akasema Urambo mvua zimeanza, mahindi wanapanda, na darini kwake kuna kitu kinalia lia mchana. Nikamwambia asiwashe chochote, wala asizibe tundu lolote kwa sasa, nitakuja na tyubu wakishakua wanaolia. Akauliza nitajuaje kwamba wamekua. Nikasema nitakuja na mjukuu wake na punje za mahindi.