Jioni Tuliposoma Waraka wa Yohana

Nilikwisha kuokoka, lakini kila mhubiri alipowaita watu mbele nilirudia sala ya toba kimoyomoyo, kwa hofu kwamba ile ya kwanza haikufika. Wenzangu walishuhudia kwamba walitetemeka, wakalia, wakajisikia wepesi. Mimi nilichokumbuka ni kwamba nilimwambia Yesu ndiyo, basi.

Ushuhuda ulioninyima raha zaidi ulikuwa wa John Wesley, mhubiri Mwingereza aliyeanzisha Umethodisti. Tarehe 24 Mei 1738, akiwa tayari kasisi wa miaka mingi, alihudhuria ibada ndogo katika mtaa wa Aldersgate, London. Mtu mmoja alikuwa akisoma dibaji ya Martin Luther, yule Mjerumani aliyeanzisha matengenezo ya kanisa, kwa Waraka wa Warumi, na Wesley akasikia moyo wake ukipata joto la ajabu. Nami nikawa nalingoja joto hilo, miezi inapita.

Wakati huo kikundi chetu cha Biblia kilikuwa kimeanza Waraka wa Kwanza wa Yohana. Aliyetuongoza alikuwa mama mjane, mtu wa maneno machache, ambaye akiomba ungedhani Mungu ameketi kiti cha pili. Alitusomea pale Yohana anaposema ushirika wetu ni pamoja na Baba na Mwana wake, na kwamba anaandika "ili furaha yetu itimizwe."

Sijui nilipata wapi ujasiri. "Mama, na asiye na furaha hiyo je? Ina maana hana ushirika?"

Nilitegemea mahubiri. Badala yake aliniambia nifungue sura ya tatu, mstari wa ishirini, nisome kwa sauti. Nikasoma: hata mioyo yetu ikituhukumu, "Mungu ni mkuu kuliko mioyo yetu, naye anajua yote."

"Sasa mwanangu," akasema, "kesi yako anaiamua nani? Moyo wako au yeye?"

Sikuwa na jibu. Tukainama kuomba. Kijana mmoja aliombea ndoa ya kaka yake iliyokuwa ikiyumba, dada mwingine akamshukuru Mungu kwa baba yake aliyeanza kutembea tena. Nikawa naitikia amina, na katikati ya sala ya huyo dada nikagundua kwamba kwa muda mrefu sikuwa nimeupima moyo wangu. Nilikuwa nazungumza na Baba pamoja na watoto wake wengine, na sikuona sababu ya kuuliza kama nimo. Nilicheka, kweli nilicheka, watu wamefumba macho. Joto halikuwapo. Furaha ilikuwapo.

(Baadaye nilikuja kusoma shajara ya Wesley mwenyewe. Jioni ileile, anaandika, adui alimnong'oneza kwamba hii haiwezi kuwa imani, maana furaha iko wapi? Wanaopenda kuisimulia habari hii huwa wanakiruka kipande hicho, na mimi ndicho nilichokihitaji.)

Baada ya amina ya mwisho nilimwuliza mama kama yeye huisikia furaha kila siku.

"Kila siku? Zipo siku naomba kama natafuna karatasi. Lakini naomba, kwa sababu Baba ni yuleyule."

Hapo kijana wa ndoa ya kaka yake akasema na yeye ana swali, alikuwa ameogopa kuliuliza tangu sura ya kwanza. Tukafungua Biblia upya.