Saba ya Baba

Kauli ya Ami bado imenikaa kooni. Jumapili alikuja kumjulia hali Baba, aliyepatwa na kiharusi, akamkuta kibarazani na yule dada wa tiba ya usemi.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba," Baba akaitika, safi kabisa.

Dada akamwambia ahesabu. Akatiririka moja mpaka kumi, hakugota popote.

"Sasa mzee, sema saba tu."

Midomo ikabana, ikaachia. Ulimi ukatapatapa nyuma ya meno. "Ta... sha... tama..." Jasho likamtoka.

"Si kaitamka sasa hivi?" Ami akasema. "Kaka anadeka tu huyu."

Mbele yake! Tangu siku hiyo namjibu Ami moyoni, jikoni, hata kwenye daladala. Si kaitamka sasa hivi? Ndiyo, Ami, kaitamka. Na kuitamka vile si kazi moja na kuitamka hivi.

Baba hakubishana. Alishika kalamu kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia haujarudi, akaandika "saba", akamsogezea Ami daftari. Herufi zimepinda ila hakuna iliyokosekana.

Neno analo, basi. Kiharusi kimempokonya mpango wa kulitoa: ulimi uanzie wapi, midomo ifunge lini, koo litoe sauti wakati gani. Hesabu na salamu tumezizoea tangu utotoni, zinatoka zenyewe. Saba peke yake lazima ipangwe upya. Ndiyo maana "pa-pa-pa" anaiweza, "pa-ta-ka" inampotea, na kila akirudia anakosea kivingine. Misuli ingekuwa ndiyo dhaifu, kosa lingekuwa lilelile. Madaktari wanaiita apraksia ya usemi. Mwaka 1996 mtafiti Nina Dronkers alionyesha kuwa wagonjwa wake wote 25 wa tatizo hili walikuwa na jeraha sehemu moja ya insula, eneo lililojificha ndani ya ubongo, upande wa kushoto. Mwaka 2004 Argye Hillis na wenzake wakapinga, wakaelekeza kwenye eneo la Broca, lililo sehemu ya mbele ya ubongo upande huohuo. Wabishane tu, mimi nimeshamwona Baba akipanga.

Maana juzi, wallahi, nilikuwa nachambua mchele nikasikia goti linagongwa, pigo moja kila silabi kama dada alivyomfundisha: "Mwa... na... i... di." Mwanangu akatoka mbio uani, "Abee Babu!", na Baba akacheka mpaka akapaliwa. Nikaacha mchele hapohapo.

Barua ya kunihamishia kazi Handeni sijaijibu. Mwisho ni Ijumaa, na Handeni si mahali pa kwenda na kurudi kila siku.