Nilivyoweka nembo ya mji kwenye fulana 20

Timu ya mbio iliniomba niitengenezee fulana 20 zenye nembo ya mji kifuani: simba mwekundu kwenye ngao nyeupe. Ruhusa niliomba kwanza kwa maandishi, maana miji mingi hulinda nembo yake kisheria. Hilo halikunisumbua.

Kilichonisumbua ni simba. Nilichapa picha kwenye karatasi ya kuhamishia, nikaiweka juu ya fulana, nikapiga pasi. Nilipoibandua, simba alikuwa anatazama upande usio wake! Karatasi ile hugeuza picha, nami sikuigeuza kwanza kwenye kompyuta. Kwenye ngao, mnyama kwa kawaida hutazama kulia kwa mwenye ngao, yaani kushoto kwetu tunaomtazama. Anayevaa fulana ndiye mwenye ngao. Simba yule alikuwa amegeuka nyuma kama anayekimbia vita, na mimi sikuwa tayari kuwavisha watu hivyo.

Tena ngao nyeupe juu ya fulana nyeupe haikuonekana kabisa. Hapo ndipo nilipoielewa kanuni ya zamani ya ngao: dhahabu na fedha, yaani njano na nyeupe, haziwekwi moja juu ya nyingine, wala rangi ya kukoza juu ya rangi ya kukoza. Kumbe ni suala la macho! Ngao ilitakiwa itambulike kwa mbali, na mashujaa wa Ulaya ya zamani walivaa nembo hizo hizo kwenye joho juu ya deraya. Basi nembo kurudi kwenye nguo si jambo geni.

Nikachukua fulana za bluu iliyoiva, nikaachana na karatasi, nikadarizi kwa mashine. Kitambaa cha fulana huvutika, kwa hiyo chini yake niliweka kitambaa kigumu cha kushikilia, la sivyo ngao hujikunja pembeni. Maneno ya kaulimbiu niliyaondoa, kwa idhini ya waliotoa ruhusa, kwani herufi za milimita 3 zilikuwa mafundo matupu ya uzi. Makucha na ulimi wa simba, vya bluu, nilivimalizia kwa mkono, ulimi mishono mitano tu. Bila ulimi ule uso wake ulikuwa umefifia.

Fulana ya mwisho niliimaliza usiku wa kuamkia mbio. Ile ya kwanza ninayo bado, naitumia kujaribia uzi kabla ya kazi mpya.