Bamvua ya saa kumi

Ukiwa Msimbati, pwani ya Mtwara, usihangaike kutazama ndege maji yakiwa yamekupwa, wametawanyika mbali. Ngoja bamvua, maji makuu ya siku za mwezi mwandamo au mpevu. Maji hujaa karibu saa kumi jioni, na sululu na vitwitwi, ndege wa ufukweni waliokuwa wakidonoa matopeni, hukosa pa kusimama, wakapaa kwa makundi juu ya minazi. Kundi likigeuka hung'aa jeupe, mara likazima. Hapo ndipo utamu! Jua liwe mgongoni kwako, la sivyo wote wataonekana weusi. Likizama, yangeyange hurudi mikokoni kulala, shingo wameikunja. Ukiona shingo imenyooka mbele, huyo kwarara. Vitwitwi wengi ni wageni wa Septemba hadi Aprili. Juni utahesabu mawingu.