Siku za Mbalamwezi

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo letu juma hili ni Luka 12:13-24. Lisomeni lote, msianzie katikati kama tulivyozoea.

Zamu ya kuandika tafakari ya juma ilikuwa yangu tangu juma lililopita, nikamwomba katibu anisogezee mbele kwa kuwa sikuwa na neno. Au niseme kweli: neno nililokuwa nalo ni deni. Mteja mmoja alichukua kwangu magunia ya dagaa kwa mali kauli mwezi wa nne, akaahidi wiki mbili. Simu yake haipatikani mpaka leo. Halafu mbalamwezi ikaingia. Wenzangu wa mwaloni, pale dagaa wanaposhushwa na kuuzwa, mnajua hali ilivyo: mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawaifuati taa, mitumbwi inavutwa nchi kavu, wavuvi wanashona nyavu na kucheza karata, na sisi wenye vibanda tunakaa tukifukuza nzi. Mtaji umeshikwa na mtu, ziwa limeshikwa na mwezi.

Siku hizo shule ya Jumapili walikuwa wanakwenda kisiwa cha Saanane, wakatafuta watu wazima wa kushika watoto kwenye boti. Nikajitolea. Msinisifu, nilitaka tu kutoka pale kibandani.

Saanane tunaiona kila siku na wengi wetu hatujawahi kuikanyaga. Unapanda boti Capri Point hapa Mwanza, hata hujamaliza kuimba pambio mbili umeshafika. Kisiwa kinaitwa kwa jina la Mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima. Kilifanywa bustani ya wanyama mwaka 1964, na mwaka 2013 kikawa hifadhi ya taifa, ndogo kuliko zote nchini. Watoto walikimbilia pimbi na wale mijusi wa mawe wenye vichwa vyekundu. Mimi nilibaki gatini na mtoto mmoja aliyetapika kwenye boti, tukakaa kivulini tukitazama maji.

Ndipo nikamwona. Ni ndege mweusi na mweupe, madoadoa mwili mzima, kishungi kichwani, mdomo mrefu kama mkuki. Kwa Kiswahili ni mdiria, ingawa mwaloni sijasikia mtu akimwita hivyo. Nimemwona maisha yangu yote juu ya kamba za mitumbwi na sijawahi kumtazama. Siku ile sikuwa na la kufanya, nikamtazama.

Anaruka juu ya maji kimo cha mnazi mdogo, kisha anasimama. Anasimama hewani kabisa! Mabawa yanapiga kwa kasi hata huyaoni vizuri, mkia umeshuka, lakini kichwa hakitikisiki, jicho liko majini. Halafu anajiachia kama jiwe. Mara ya kwanza alitoka mdomo mtupu. Akajikung'uta, akapanda tena, akasimama tena. Mara ya pili mtupu. Yule mtoto akaanza kuhesabu kwa sauti, na mimi nikahesabu naye kwa vidole. Alijitosa mara kumi na moja, akapata mara tatu. Na alichopata kilikuwa dagaa mmoja mmoja, anammeza angani bila hata kutua. Mtoto akaniuliza, "Bibi, mbona Mungu hampi mkubwa?"

Sikuwa na jibu, nikampa maji.

Niliporudi nyumbani nikamwomba mwanangu anayesomea mambo ya uvuvi anitafutie habari za ndege huyu. Jambo la kwanza aliloniletea linatuhusu sisi watu wa ziwa hili. Walio na umri wangu mnawakumbuka furu, wale samaki wadogo waliojaa ziwani zamani. Wakati ule midiria wa ghuba yetu ya Mwanza walikula furu. Sangara alipokuja kushamiri akawala, na furu wakapungua mno, miaka ile ya 1980, midiria wakahamia kwenye dagaa. Dagaa ni mdogo kuliko furu, kwa hiyo ndege yule yule sasa lazima ajitose mara nyingi zaidi ili shibe iwe ile ile. Nikacheka peke yangu. Kumbe mimi na yeye tuna biashara moja, na hasara zetu zimeanzia mahali pamoja.

Sasa turudi kwenye Neno. Mathayo anasema waangalieni ndege wa angani. Luka anamtaja ndege kwa jina: "Watafakarini kunguru." Nimelisoma andiko hili tangu kipaimara na sijawahi kuona kwamba kazi hii tunayopeana zamu kila juma, tafakari, imo humo kama amri, na kitu tulichoagizwa kukitafakari ni kunguru! Mimi kunguru ninamfukuza kwa fimbo kutwa nzima asinimalizie dagaa niliowaanika. Torati yenyewe ilimweka katika ndege walio najisi. Na Bwana anasema hana ghala wala uchaga, na Mungu humlisha. Uchaga, wapendwa, ni ndugu wa chanja zetu za kuanikia. Mimi nina ghala na nina chanja, na usiku sipati usingizi.

Tumezoea kuuruka mstari huu haraka tufike kwenye "msisumbuke", kana kwamba kutazama ni mapambo tu. Mimi naona tumekosea hapo. Mtu akikuambia usisumbuke bila kukuonyesha kitu, amekupa maneno. Bwana alionyesha. Nami nilipotazama kweli, sikuona ndege aliyekaa akingoja kuwekewa mdomoni. Niliona ndege aliyekosa mara nane, na bado ni mtu wa kulishwa na Mungu. Samahani, nimesema mtu. Naacha hivyo hivyo.

Lakini sicho kilichonishika zaidi. Mwanangu alinisomea habari za mtafiti mmoja, Heinz-Ulrich Reyer, aliyewachunguza midiria hawa wa madoa katika Ziwa Victoria letu na katika Ziwa Naivasha kule Kenya, akaandika matokeo yake mwaka 1980. Ndege hawa wanachimba shimo refu kwenye kingo za udongo, wanataga humo. Vifaranga wakitoka, baba na mama wanavua na kuwapelekea. Kwa kuwa madume ni wengi kuliko majike, wapo madume wasio na mwenzi. Baadhi yao ni wana wa miaka iliyopita, hao wanabaki kuwasaidia wazazi wao kulisha wadogo zao. Wengine ni wageni kabisa, hawana undugu wowote na shimo lile. Mgeni anafika na samaki mdomoni.

Kule Naivasha maji yametulia na samaki wanapatikana vizuri zaidi, na wenye shimo walimfukuza mgeni. Hapa Victoria, penye mawimbi na samaki wadogo, wazazi hawakuweza kuwashibisha vifaranga peke yao. Mgeni wakampokea. Na yule mtafiti alipowaongezea wazazi wa Naivasha idadi ya vifaranga, nao wakaanza kumpokea mgeni waliyekuwa wakimfukuza.

Nilimwomba mwanangu asome tena pale.

Nisiwafiche jambo: wataalamu wanasema mgeni yule naye ana lake moyoni. Akisaidia mwaka huu, mwaka ujao huenda akampata yule jike mwenye shimo awe mwenzi wake. Mwanzoni habari hiyo iliniharibia raha. Nilikuwa nimeshampa utakatifu. Kisha nikaona kwamba kifaranga gizani mle shimoni haulizi samaki ameletwa kwa nia gani. Anameza, anakua.

Sasa mnaona kwa nini niliwaomba msianzie katikati. Kabla ya kunguru kuna yule tajiri ambaye shamba lake lilizaa sana. Msikilizeni anavyoongea: nifanyeje, nitavunja, nitajenga, nitaweka, nitajiambia. Hana mke katika maneno yake, hana jirani, hana hata mfanyakazi. Anaulizana na nafsi yake na kujibiwa na nafsi yake. Ghala ilikuwa imejaa kiasi kwamba hakumhitaji mtu wa kumwambia habari njema. Huyo ni mdiria wa Naivasha, nikasema, shimo lake limeshiba. Nikafurahi kuwa nimepata tafakari.

Furaha hiyo ilidumu kama nusu saa hivi, mpaka nilipomkumbuka jirani yangu wa kibanda.

Hamumjui, na hata mkimjua msimtafute. Tuligombana mwaka jana kwa ajili ya sehemu ya kuanikia, ile iliyo karibu na njia ambako magari yanapakia. Hatusalimiani zaidi ya lazima. Juma lile simu ya mdeni wangu ilipozimwa alikuja mlangoni kwangu, akasimama nje, akasema ana magunia ya akiba, niuze mawili matatu watoto wasilale njaa, giza likirudi nitamrudishia. Nikamwambia, "Niko sawa, dada. Asante." Sikuwa sawa. Nyumbani tulikuwa tunapima unga kwa kikombe cha chai. Na hata ninyi kwenye ushirika wa Jumatano mliponiuliza habari nilisema Mungu ni mwema, tukaimba.

Kwa hiyo mimi ni ndege wa Victoria niliyefukuza kwa tabia za Naivasha. Tajiri yule angalau alikuwa na ghala kubwa ya kumtia upofu. Mimi ghala yangu ilikuwa na ndoo mbili za dagaa na paka.

Jumatatu nilikwenda. Nilimkuta anachambua, nikakaa juu ya ndoo bila kukaribishwa, nikamwambia kwamba siko sawa, na kwamba siku ile nilimdanganya. Hakuinua uso. Aliendelea kutoa mchanga katika dagaa wake kwa muda mrefu, hata nikadhani nimeshajibiwa.

"Mawili au matatu?" akasema.

"Mawili."

"Nitakupa matatu. Ila ile sehemu ya karibu na njia, giza likirudi na mimi niwe naanika."

Nikamwambia aanike.